Lenshina, beseni la hirizi na kadi ya chama

Beseni lilikuwa la plastiki, la bluu, lile la kawaida la kuogeshea mtoto. Liliwekwa mbele ya jukwaa, chini ya turubai lililofungwa kwenye mwembe na nguzo tatu za mbao, huko Mbagala. Watu walipanga foleni. Kila aliyefika aliinama, akadondosha alichobeba, akasogea kuombewa. Zamu yake ilipofika, shangazi yangu alifungua fundo la khanga akatoa kitu cha ukubwa wa kidole gumba, kimeshonwa kwa kitambaa cheusi kilichokomaa kwa jasho. Alikuwa amekivaa kiunoni miaka kumi na tisa. Mimi niliyekulia nyumbani kwake ndiyo kwanza nakiona.

"Ya nini hiyo, shangazi?" nilimnong'oneza.

"Ya wifi yangu. Ya kujikinga naye."

Wifi mwenyewe, dada wa marehemu mumewe, alikuwa nyuma yetu kama watu saba hivi. Naye alikuwa ameshika fundo lake.

Tangu siku ile kila nikikutana na habari za Alice Lenshina, nabii wa kike wa Zambia, nawaona wale wanawake wawili kwenye foleni moja. Nimeona makala nyingi zinazomtaja Lenshina kama kioja cha historia: mwanamke wa kijijini aliyedai amekufa akafufuka, akaanzisha kanisa, watu wakafa. Vijiweni kwetu naye angewekwa kwenye mizani ileile tunayowapimia manabii wetu: wa kweli au wa uongo? Mwaka 2011 nchi nzima ilibishana hivyo kuhusu kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo. Dawa inaponya, haiponyi; mchungaji mstaafu kaoteshwa, hakuoteshwa. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500, sisi tunabishana kuhusu mti. Swali la watu wale wanakimbia nini, na kwa nini hawakupata pa kukimbilia karibu na kwao, lilibaki pembeni. Kwa Lenshina swali hilo ndilo lenye kesi yote.

Chinsali, wilaya ya Zambia alikotoka Lenshina, si mbali na sisi kama tunavyodhani. Malori yanayopakia bandarini Dar kwenda Lusaka yakishavuka Tunduma hupita Nakonde, Isoka, kisha njia panda ya Chinsali. Huko, katika kijiji cha Kasomo, ndiko alikozaliwa karibu mwaka 1920, akiitwa Mulenga Lubusha, Mbemba, wakati nchi ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Aliolewa na Petros Chintankwa, akazaa, akalima. Mwaka 1953 aliugua sana. Kwa masimulizi ya wafuasi wake, alikufa na kurudi mara nne, akakutana na Yesu, akapewa nyimbo na kazi ya kuwafanyia watu. Aliporudi alikwenda kueleza misheni ya Lubwa, ya Kanisa la Scotland, jirani tu. Mmisionari Fergus Macpherson alimsikiliza, na mwaka uleule akabatizwa kwa jina la Alice. Jina la Lenshina ni "Regina", yaani malkia, likiwa limepita kwenye ulimi wa Kibemba usiokuwa na "r".

Hapa pana jambo dogo ambalo ni kubwa. Misheni ya Lubwa ilianzishwa mwaka 1905 na mwinjilisti Mwafrika kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, David Kaunda. Mwanawe Kenneth, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia, alizaliwa palepale Lubwa mwaka 1924. Simon Kapwepwe, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Zambia, naye ni mtoto wa Chinsali. Kwa hiyo chama kilichoipigania Zambia na kanisa lililopigana na chama hicho vilitoka wilaya moja na misheni moja. Kaka yake Kenneth, Robert Kaunda, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kanisa la Lenshina. Ugomvi wa nyumba moja huu, na wenye nyumba kubwa wanajua ugomvi wa namna hiyo unavyokuwa.

Sasa, Lenshina aliwapa watu nini ambacho Lubwa haikuwapa? Nyimbo, kwanza. Za misheni zilikuwa tenzi za Ulaya zilizovishwa maneno ya Kibemba, zinaimbwa kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Za Lenshina zilikuwa na mapigo ya kwao, na wanawake ndio walioziongoza. Nyimbo zile zilitembea haraka kuliko mhubiri yeyote. Lakini nyimbo peke yake hazimtoi mtu kijijini kwake akatembea siku kadhaa kwa miguu.

Kilichowatoa ni hofu ya uchawi. Tuwe wakweli, maana kwenye jambo hili sisi watu wa mjini tuna tabia ya kucheka mchana na kufunga mlango mapema usiku. Misheni ilifundisha kwamba uchawi haupo. Serikali ya kikoloni, kwa sheria ya mwaka 1914, ilifanya kosa la jinai kumwita mtu mchawi au kuagua nani kamloga nani. Sisi tulipata ya kwetu mwaka 1928, na bado ipo vitabuni. Nia ya sheria zile haikuwa mbaya. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, tunajua. Ila mwanakijiji aliyefiwa na watoto watatu aliiona hivi: mchungaji anamwambia anachokiogopa hakipo, na bwana shauri anamwambia akikitaja atafungwa. Waliokuwa wakitafuta wachawi zamani wamepigwa marufuku. Kwa hesabu yake, dini na serikali vimeungana kumlinda mchawi.

Lenshina hakusema uchawi haupo. Alisema: leteni. Watu wakaleta mapembe, vibuyu, mizizi, vitambaa vilivyoshonwa, vikarundikana Kasomo chungu nzima. Na sehemu kubwa ya kitu ambacho mgeni angekiita "vifaa vya kichawi" haikuwa ya kudhuru mtu. Ilikuwa ya kujikinga, kama ile ya shangazi. Mwenye kinga anaogopwa na jirani asiye nayo. Jirani naye anakwenda kutafuta yake, kali zaidi. Na hivyo hivyo mpaka kijiji kizima kina silaha na hakuna aliyewahi kutaka vita. Alichofanya mwanamke yule ni kunyang'anya silaha kwa hiari. Nasema hivi bila kutania.

Wenye kuamua migogoro ya mipaka wanajua shida ya kazi hiyo. Siweki yangu chini mpaka uweke yako. Shangazi alinikiri baadaye kwamba kama asingemwona wifi yake kwenye foleni ile, angerudi nyumbani na hirizi kiunoni. Kwa hiyo kunyang'anyana silaha kunahitaji kitu kimoja kigumu: kila mtu aingie. Akibaki mmoja tu pembeni, akasema mimi simo, huyo ndiye atakayeogopwa kuliko wote. Kwa nini hakuja? Anaficha nini?

Nadhani hapa ndipo kanisa la Lenshina lilipobeba mbegu ya msiba wake, tangu siku njema kabisa za mwanzo. Aliliita Lumpa, neno lenye maana ya kupita vingine vyote. Aliachana na Lubwa katikati ya miaka ya 1950. Alikataza mitala, pombe, tumbaku, na kurithi wajane, na hili la mwisho liwekeni akilini mkishangaa kwa nini wanawake walikuwa wengi. Ubatizo ulikuwa wa mkono wake mwenyewe tu. Mwaka 1958 hekalu kubwa la matofali lilisimama Kasomo, ambako sasa waliita Sioni. Wafuasi kwenye kilele wanakadiriwa kati ya 50,000 na 100,000, wengine wakiwa mbali huko kwenye miji ya migodi ya shaba. Makanisa ya misheni Chinsali yalibaki na mabenchi. Machifu nao waliona watu wao wanapeleka mashauri kwa mwanamke asiye na kiti.

Kisha akaja mwingine aliyetaka kila mtu aingie.

UNIP, chama cha uhuru cha kina Kenneth Kaunda, ilizaliwa mwaka 1959. Chama kinachopigania uhuru dhidi ya dola yenye bunduki hakina nguvu nyingine ila wingi, na wingi huo lazima uonekane. Kadi ndiyo ilikuwa alama. Vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba: una kadi? Asiye nayo ni nani, kama si kibaraka wa mkoloni? Lumpa na harakati za uhuru zilikuwa zikielewana vizuri miaka ya mwanzo. Wote walikuwa hawampendi mzungu wa boma. Lakini ilipofika mwaka 1962 Lenshina alikuwa amewakataza watu wake kujiunga na chama. Roho iliyokwisha kutolewa, kwa maoni yake, haitolewi mara ya pili.

Soma upya sentensi mbili hizi na utaona zinatoka kinywa kimoja. "Kwa nini hakuleta hirizi? Anaficha nini?" "Kwa nini hana kadi? Anaficha nini?" Lumpa na UNIP hazikugongana kwa kuwa zilikuwa tofauti. Ziligongana kwa kuwa zilifanana mno. Zote zilikuwa na uanachama, nyimbo, viongozi wa mashina na ahadi ya dunia mpya, na zote ziliwagombania wakulima walewale wa Chinsali.

Matokeo yanajulikana. Makanisa ya Lumpa yalichomwa, nyumba zikachomwa, watu wa Lumpa wakalipiza, na ngazi ya kulipizana ikapandwa kutoka pande zote mbili. Mwaka 1963 waumini walianza kujitenga kwenye vijiji vyao wenyewe, vingine vikiwa na maboma ya miti, bila ruhusa ya chifu. Serikali iliwaamuru wavibomoe na warudi walikotoka. Kurudi kwa nani, sijui; kwa jirani aliyewachomea nyumba? Mwishoni mwa Julai 1964 polisi waliuawa kijijini, hali ya hatari ikatangazwa, na tarehe 30 askari wakaingia Sioni. Waumini wengi, wanawake wakiwamo, waliukabili mtutu kwa mikuki na mapanga wakiamini risasi hazitawapata. Tarehe 3 Agosti kanisa likapigwa marufuku. Siku chache baadaye Lenshina akajisalimisha. Waliokufa katika miezi ile ni zaidi ya 700. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo.

Namwelewa Kaunda, kwa kiasi. Alikuwa waziri mkuu wa miezi michache, gavana Mwingereza bado yupo, uhuru uko mlangoni. Januari ile askari wa Tanganyika Rifles walikuwa wameasi hapahapa Dar es Salaam na Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza walewale aliowaaga juzi. Kila mtawala mpya wa kanda hii alilala jicho moja wazi. Ila kumwelewa si kumfutia hesabu. Lenshina hakuwahi kusimama mahakamani kujibu vifo vile. Aliwekwa kizuizini, akahamishwa hapa na pale, mumewe akafariki mwaka 1972, naye akaachiwa mwishoni mwa 1975 akae Lusaka chini ya uangalizi. Alifariki Desemba 1978. Watu wake wanaokaribia 20,000 walikuwa wamekimbilia Kongo, upande wa Mokambo.

Na kuna hili ambalo nikilitaja watu huniuliza kama nina uhakika. Hali ya hatari iliyotangazwa Julai 1964 kwa ajili ya Lenshina haikuondolewa vita ilipokwisha. Wala alipofungwa. Wala alipokufa. Ilidumu mpaka 1991, Kaunda alipoondoka madarakani. Miaka 27. Katikati yake serikali iliweza kumweka mtu ndani bila mashtaka, na waliowekwa hawakuwa waimba tenzi wa Chinsali. Walikuwa wanasiasa, wakiwamo wa chama kilichotangaza hali hiyo. Kapwepwe mwenyewe, mtoto wa Chinsali, alipotoka UNIP na kuanzisha chama chake, alitiwa kizuizini mwaka 1972. Mlango ulitengenezwa kwa ajili ya nabii mmoja, akaingizwa kila mtu.

Mtu atasema Lenshina na risasi zisizopata mtu alistahili alichokipata. Basi tumtazame Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Maji yake nayo yalikuwa dawa ya risasi, watu wa kabila hili na lile nao walikwenda kwake kwa maelfu, nao walikufa kwa imani hiyo, kwa idadi isiyolinganishwa na ya Chinsali. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Watoto wetu wanamsoma darasani kama shujaa, na mimi nakubali ni shujaa. Lakini tofauti kati yake na yule mama wa Kasomo haiko kwenye maji. Iko kwa aliyeshika bunduki. Angepigwa na Mwingereza mwaka 1954, leo Lusaka ingekuwa na barabara yenye jina lake.

Kongo ilionyesha njia nyingine, ingawa si kwa hiari. Simon Kimbangu alihubiri na kuponya Nkamba kwa miezi michache tu ya mwaka 1921. Wabelgiji wakamhukumu kifo, mfalme akabadilisha kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mji wa Waswahili wenzetu, akafia gerezani Oktoba 1951 baada ya miaka thelathini. Mateso yale yalitoka kwa mkoloni, basi kanisa lake lilipotambuliwa Desemba 1959 liliingia kwenye uhuru likiwa na shahidi. Mwaka 1969 lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Lenshina alikosa bahati hiyo ya kuteswa na mtu sahihi.

Narudi Dar. Kila panapotokea kashfa ya nabii, na hazikosekani, kelele ni ileile redioni na kwenye simu: serikali ifunge makanisa ya uongo, Msajili wa Jumuiya afute. Baada ya Shakahola kule Kilifi mwaka 2023, ambako zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa, kelele hizo zina uzito ambao siwezi kuupuuza. Aliyemnyima mtoto chakula mpaka akafa ashitakiwe kwa kuua. Aliyeuza maji ya bomba kama dawa ya kansa ashitakiwe kwa utapeli. Sheria za kazi hiyo zipo, ushahidi hutafutwa, shahidi huhojiwa, hakimu huandika hukumu. Ninachokikataa ni kumkabidhi ofisa wa wizara kazi ya kupambanua nabii wa kweli na wa uongo. Hana kipimo cha kazi hiyo; hakuna mwenye nacho. Atakachoweza kupima ni kitu kingine: umati huu ni wa nani? Nabii mwenye umati anayemkaribisha mgeni rasmi na kumwombea atapewa kiti cha mbele. Mwenye umati anayehoji atakumbushwa hajalipa ada ya mwaka. Malawi ya Banda ilipiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1967, na kwa miaka waliyokimbia na kupigwa, neno lililowaponza halikuwa Utatu. Lilikuwa kadi ya chama.

Wachungaji wa makanisa makubwa wanaoongoza kelele hizi nao nina neno nao. Kabla ya lile turubai la Mbagala, shangazi alikwenda kwa mzee wa kanisa wa usharika wake. Alimweleza kwamba biashara ya genge imekufa, mguu unavimba, na anajua ni nani. Yule mzee, mtu mwema, aliyemzika mume wa shangazi kwa heshima zote, alimwambia mambo hayo hayapo, amwamini Mungu. Kisha akafungua daftari akamkumbusha kwamba bahasha ya ahadi yake ya ujenzi haijakamilika. Sidhani alikuwa na ubaya. Daftari ndilo alilokuwa nalo mkononi.

Chini ya turubai hakuna aliyemwambia hayapo. Walimwambia aweke kwenye beseni.

Turubai lile halipo tena. Mwenye kiwanja aliuza, nabii akahama, wengine wanasema yuko Kibaha. Alichukua sadaka nyingi, na mafuta aliyowauzia yalikuwa ya alizeti, harufu ilitosha kusema. Shangazi anajua. Mguu ulipona kwa dawa ya hospitali, na hilo pia anajua. Siku moja, tukichambua mchele barazani, nilimuuliza kama hajutii pesa aliyomwachia yule bwana.

"Pesa najutia," alisema. Akapeta ungo, pumba zikaruka. "Lakini siku ile nilirudi na wifi kwenye daladala moja. Kiti kimoja. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu msiba."

"Na yeye alikuwa na nini kwenye fundo lake?"

"Kama yangu," alisema. "Ya kujikinga na mimi."